Huyu haidra uchafu wake anaupeleka wapi?

Juzi usiku nilikaa karibu masaa matatu nimeinamia kachupa ka maji ya bwawa, lenzi mkononi, namsubiri haidra ateme. Haidra ni kale kadude kembamba kama uzi, kakijinyoosha kanafika sentimita moja hivi, kwa chini kamejishikiza kwenye jani na kwa juu kana vimikono sita saba vinaeleaelea kwenye maji. Mchana alikuwa amemnasa kiroboto wa maji akammeza mzima mzima, mwili ukavimba katikati mpaka umbo la yule kiroboto likawa linaonekana kwa nje, kama mtu aliyelala kajifunika shuka. Nikasema leo siondoki hapa mpaka nione mwisho wake.

Na nikauona. Mwili wote ulijikunyata ukawa kama kitufe, ukatulia, alafu taratibu pale katikati ya vile vimikono pakafunguka tundu, likatoka ganda. Ganda tupu, limenyonywa kila kitu, lakini bado lina umbo lake kamili hadi ule mwiba wa nyuma. Likashuka chini likiyumba polepole, tundu likafunga, na baada ya dakika chache haidra akajinyoosha tena kama hakuna kilichotokea. Tundu lenyewe ndo lile lile alilomezea.

Nimeshasimulia hii kwa watu wawili watatu na wote walikunja sura. Mi sioni kinyaa hata kidogo. Naona mnyama aliyepangwa vizuri sana kwa mwili alionao, na nataka leo niandike kwa kirefu kwa sababu hili jambo limekaa kichwani mwangu tangu nikiwa shule.

Shuleni, somo la utoaji takamwili, tulikaa kwenye figo wiki nzima. Nefroni, kale kachujio kadogo ka ndani ya figo, tuliichora mpaka vidole vikauma. Tulipofika kwa hawa wadogo daftari langu likapata sentensi moja tu: haidra hana mfumo wa utoaji takamwili, hutumia difusheni. Basi. Nikanyoosha mkono nikauliza hiyo difusheni inaanzia wapi na inaishia wapi, na kama hana mfumo mbona hafi, nikajibiwa kwamba hiyo haitoki kwenye mtihani. Iliniuma kweli, manake nilikuwa nimeuliza kwa nia nzuri, na jibu lipo, tena ni jibu tamu kuliko nefroni.

Kwanza tutenganishe vitu, kwa sababu nusu ya mkanganyiko unaanzia hapa. Lile ganda nililoliona likitoka sio takamwili. Ni kinyesi, mabaki ya chakula ambayo hayakuwahi kuingia kwenye seli hata moja, yalipita tu tumboni yakatoka. Takamwili yenyewe ni kile kinachozalishwa ndani ya seli zikiwa kazini: seli ikivunja protini inabaki na naitrojeni isiyoihitaji, na hiyo inatoka kama amonia. Alafu kuna kitu cha tatu ambacho watu wengi hawakifikirii kabisa, nacho ni maji. Mnyama wa maji baridi, yaani ya mito na mabwawa, mwili wake una chumvi kuliko maji anayokaa, kwa hiyo maji yanamwingia muda wote, mchana na usiku, ahitaji asihitaji, na asipoyatoa anavimba mpaka seli zinapasuka. Kwa hiyo ni mizigo mitatu, na kila mmoja una njia yake ya kutokea. Wewe na mimi figo zetu zinabeba amonia (ikiwa imeshageuzwa urea) pamoja na maji, choo kina njia yake, ndo maana tunadhani hizi ni kazi mbili tu. Kwa hawa wadogo ukitaka kuelewa lazima uulize mara tatu.

Tuanze na amonia kwa sababu ndo hatari zaidi. Ni sumu. Ikijaa ndani ya seli inavuruga kila kitu, na wanyama wengi wa nchi kavu wanalazimika kuigeuza kwanza ndo waitoe, sisi tunaigeuza urea, ndege na mijusi wanaigeuza yuriki asidi, ule utelezi mweupe unaouona kwenye kinyesi cha ndege. Kuigeuza kunakula nishati. Sasa kwa nini tunakubali kulipa hiyo gharama? Kwa sababu kuitoa amonia ikiwa amonia inahitaji maji mengi mno ya kuizimua. Hesabu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba gramu moja ya naitrojeni ikitoka kama amonia inahitaji kama mililita 500 za maji, ikitoka kama urea inatosha mililita 50, ikitoka kama yuriki asidi mililita 10 tu. Nusu lita kwa gramu moja! Mnyama wa nchi kavu angekausha mwili wake wote. Lakini haidra yupo ndani ya maji, maji yamemzunguka nje na yamemjaa ndani, nusu lita kwake sio kitu. Kwa hiyo haigeuzi, anaiachia hivyo hivyo.

Anaiachiaje? Hapa ndo penye lile neno difusheni, na mtu akikwambia tu neno bila kukuonyesha umbali hujaelewa kitu. Mwili wa haidra ni ukuta wa tabaka mbili za seli, moja ya nje na moja ya ndani, katikati kuna utando mwembamba wa ute ute. Basi. Seli ya nje inagusa maji ya bwawa, seli ya ndani inagusa maji yaliyo tumboni. Hakuna seli iliyofichika. Na amonia inapenda sana maji, ni molekuli ndogo, inasambaa yenyewe kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache. Cha muhimu ni umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, muda wa kusambaa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Umbali mara kumi, muda mara mia. Kwa unene wa seli moja amonia inatoka ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa milimita moja tayari ni dakika kadhaa. Kwa sentimita moja ni masaa, na ndani ya hayo masaa seli ya katikati ingekuwa imeshakufa kwa sumu yake yenyewe. Kwa hiyo mnyama mwembamba hahitaji figo, na mnyama akinenepa lazima atafute bomba. Figo ni deni la unene. Hiki ndo kitu ambacho nilitaka mtu aniambie nikiwa na miaka kumi na minne.

Na angalia yavuyavu. Wengine huwaita konyeza. Wapo wenye mwavuli mpana kuliko meza, unajiuliza huyu mnene hivi inakuwaje, kumbe ule unene karibu wote ni jeli, maji matupu, seli zilizo hai ni ngozi nyembamba tu ya juu na utando wa ndani. Amejenga mwili mkubwa bila kuzidisha umbali wa seli na maji. Naye anaingiza chakula na kutoa mabaki kwa tundu lile lile, sawa na haidra, sawa na anemoni wa baharini, yule anayefanana na ua. Anemoni yeye mara nyingi mabaki anayafunga kwa ute, anayatema kama kidonge, magamba na mifupa vimeviringwa pamoja, mkondo unakuja unachukua.

Kwa matumbawe kuna kitu kizuri zaidi. Ndani ya seli zao wanaishi mwani wadogo sana, na mwani wanahitaji naitrojeni ili wakue. Kwa hiyo amonia ya mnyama inayokwenda kutupwa, kiasi chake hakifiki hata nje, mwani wanaidaka humo humo ndani wanaitumia, wao wanampa mnyama sukari wanayotengeneza kwa jua. Bahari ya sehemu zenye matumbawe mara nyingi ni maskini wa naitrojeni, maji maangavu yasiyo na kitu, na hawa wanaishi humo kwa kubadilishana taka ndani ya mwili mmoja.

Sasa sifongo, mnyama wa majini anayekaa amejishikiza sehemu moja. Hapa niachieni nikae kidogo kwa sababu hawa nawapenda kupita kiasi.

Sifongo hana mdomo, hana tumbo, hana misuli ya kawaida, hana mishipa ya fahamu. Ana vitundu vidogo vidogo mwili mzima vya kuingizia maji, na ana tundu kubwa moja au machache ya kutolea, na katikati kuna vyumba vidogo vilivyojaa seli zenye vijimkia vinavyopiga maji bila kupumzika. Maji yanaingia na chakula na oksijeni, yanatoka na amonia na mabaki. Kila seli inachukua chakula yenyewe, inasaga yenyewe, na taka inazitupa yenyewe kwenye ule mkondo. Kuna sifongo mmoja ambaye hesabu yake ilishafanywa zamani na imebaki kwenye vitabu: urefu sentimita 10, upana sentimita 1, yaani kama kidole, na ndani ana vyumba zaidi ya milioni 2, na kwa siku anapitisha kama lita 22 na nusu za maji. Kidole kinachopitisha ndoo nzima na zaidi, kila siku, bila moyo.

Kilichonishika zaidi ni jinsi anavyoepuka kunywa uchafu wake mwenyewe. Fikiria umekaa sehemu moja maisha yako yote, huwezi kusogea, maji machafu unayotoa yapo hapo hapo mlangoni. Ukivuta tena unavuta taka zako. Sifongo anatatua kwa umbo tu. Vitundu vya kuingizia ni vingi mno, ukijumlisha eneo lao ni kubwa, kwa hiyo maji yanaingia polepole sana, na kwenye vile vyumba yanakuwa ya taratibu zaidi, seli zinapata muda wa kuchagua. Alafu yote yanakusanywa kwenye tundu moja jembamba, na hapo lazima yakimbie, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji ukarusha mbali. Taka zinarushwa juu, mbali na mwili, mkondo wa bahari unazibeba. Hakuna vali. Hakuna kinachofikiri. Ni upana wa njia tu.

Lakini kuna uchafu ambao hauwezi kwenda na huo mkondo, nao ni mchanga na vumbi linaloziba vile vitundu vya kuingilia. Mwaka 2022 ilitoka kazi ya watafiti waliomrekodi sifongo wa Karibiani anayeitwa Aplysina archeri, yule mwenye umbo la bomba refu, wakaunganisha picha za muda mrefu wakaona kitu ambacho kwa jicho la kawaida usingekiona: anapiga chafya. Ute unatoka kwa vile vitundu vya kuingizia maji, yaani unatembea kinyume na mkondo, umebeba uchafu, unakusanyika juu ya ngozi kama vijiuzi na mabonge, alafu mwili unajibana na kujiachia na mabonge yanang'oka. Chafya moja inachukua kati ya dakika 20 na 50. Na samaki na viumbe wengine wadogo wanakuja kula ule ute. Nilipoangalia hiyo video mara ya kwanza nilirudia kama mara sita, sio utani, kile kitu ambacho watu walikiona ni kama jiwe lenye matundu kumbe muda wote kinajisafisha, sisi tu tulikuwa na haraka kuliko yeye.

Na habari ya kula taka za sifongo haiishii kwenye ute. Tangu 2013 inajulikana kwamba kuna sifongo wanaonyonya vile vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ambavyo wanyama wengi hawawezi kuvila, wanajenga seli kwa haraka, na seli zilizochakaa wanazimwaga kwa wingi nje kama vumbi. Konokono, kaa wadogo na minyoo wanalila hilo vumbi. Kilichokuwa kimeyeyuka na hakiliki kinapita kwa sifongo kinatoka kama chakula.

Haya, twende kwenye mzigo wa tatu, maji. Wa baharini hawana shida sana hapo, chumvi ya nje na ya ndani zinakaribiana. Ila wale wa mito na mabwawa wako kwenye mafuriko maisha yao yote. Sifongo wa maji baridi, wapo ingawa wengi hawajui, ndani ya seli zao wana vifuko vinavyojaa maji vikifika mwisho vinajibana vinayamwaga nje, vinajaa tena, vinamwaga tena. Ni kifuko kile kile utakachokiona kwa paramisi ukiwa na hadubini ya kawaida (paramisi sio mnyama, ni seli moja tu, lakini yeye ndo wa kumwangalia kwanza kama hujawahi kuona, ana vifuko viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, vinafumba na kufumbua kama taa). Haidra hana hivyo vifuko. Yeye maji yanayomwingia anayasukumia tumboni, na tumbo likijaa anajikunyata anayatema kwa mdomo. Kwa hiyo lile tundu moja linaingiza chakula, linatoa mabaki, na linatoa maji ya mafuriko. Mara nyingi nilikuwa naona anajikunyata bila kuwa amekula chochote nikadhani ameshtuka, baada ya kusoma ndo nikaelewa kwamba ile nayo anaweza kuwa anapunguza maji.

Alafu anakuja mnyoo bapa, planaria, na hapa ndo utaona kwa mara ya kwanza kitu unachoweza kukiita bomba. Huyu ana mwili uliojaa, sio tabaka mbili tena, katikati kuna nyama. Amejibana akawa bapa kama unyasi ili umbali uwe mfupi, na amonia yake kwa sehemu kubwa bado inatokea kwenye ngozi. Ila maji yanataka njia. Kwa hiyo ana mirija miembamba iliyotawanyika mwili mzima, na mwisho wa kila kijirija kuna seli yenye umbo la kikombe, ndani yake kuna kishungi cha vinywele vinavyopiga muda wote. Vinywele vikipiga vinavuta majimaji ya mwili kupitia kwenye nyufa ndogo za kikombe, vitu vikubwa vinabaki, maji yanaingia kwenye mrija, njiani mwili unarudisha chumvi unayoitaka, kinachobaki kinatoka kwa vitundu vya kwenye ngozi. Inachujwa, inarudishwa kinachofaa, inatupwa. Hiyo ni kazi ya nefroni, ile ile tuliyoichora wiki nzima, kwa mnyama asiye na damu wala moyo.

Seli hizo zinaitwa seli mwali, yaani mwali wa moto, na jina limekaa vizuri. Nilishaziona mara moja. Niliweka mnyoo bapa mdogo sana, mwangavu, kwenye kioo, nikamfunika na kile kioo chembamba na kupunguza maji pembeni kwa karatasi mpaka akabanwa kidogo bila kufa, nikatafuta kwa karibu nusu saa sioni kitu zaidi ya matumbo. Nilikuwa naanza kukata tamaa, ghafla pembeni ya mwili nikaona kama kijimwali cha mshumaa kinatetemeka. Kidogo mno. Kinawaka pale pale bila kuzima. Nilivyosogeza kioo nikaona cha pili, na cha tatu. Niliacha kupumua. Baada ya hapo nilimwondolea kioo nikamrudisha kwenye maji yake, akatembea akaondoka zake.

Planaria kinyesi bado kwa mdomo, hana tundu lingine, na mdomo wenyewe hauko kichwani, uko katikati ya tumbo kwa chini, anatoa mrija kama mkonga. Rotifa, mnyama wa majini ambaye ni mdogo kuliko hata nukta ya mwisho wa sentensi hii, ana hizo seli mwali, ana na kibofu kinachojaa na kumwaga, na wengi wao wana njia ya nyuma kamili. Ila kuna rotifa anaitwa Asplanchna ambaye njia ya nyuma hana kabisa, anatema kwa mdomo kama haidra. Kwa hiyo usidhani ni ngazi watu wanapanda hawarudi.

Na ukitaka kuona jinsi hata wataalamu walivyochelewa kuelewa hili swali la tundu, angalia tenofora. Ni wale wanaofanana na yavuyavu lakini wana mistari minane ya vinywele inayometameta rangi. Vitabu vingi viliandika kwamba nao huingiza na kutoa kwa mdomo. Mwezi wa tatu 2016, kwenye mkutano wa watafiti wa tenofora kule Florida, William Browne wa Chuo Kikuu cha Miami alionyesha video za Mnemiopsis leidyi, aina moja ya tenofora, aliyelishwa chakula kinachong'aa rangi ya taa, na ikaonekana wazi mabaki yanatokea upande wa pili, kwenye vitundu vya nyuma. Ukumbi ulishangaa. Alafu 2019 mtafiti Sidney Tamm akaongeza la ajabu zaidi: kwa huyu Mnemiopsis lile tundu halipo mpaka linapohitajika. Mabaki yakikusanyika, utumbo unavimba mpaka unagusa ngozi, vinaungana, panatoboka, mabaki yanatoka, pananywea na kufunga, ukiangalia kwa hadubini huoni hata alama kwamba palikuwa na tundu. Mkubwa anafanya hivyo kama mara moja kwa saa, mtoto kila baada ya dakika kumi hivi. Mlango unaotengenezwa na kufutwa kila saa, maisha yote.

Kuna na brayozoa, wanaoishi kwa makundi kama utando au zulia juu ya mawe na majani ya baharini, kila mmoja ndani ya kijichumba chake. Choo chao kina njia ya kawaida, lakini kiungo cha kutoa takamwili hawana. Amonia inavuja, sawa, ila kuna taka ngumu zinazobaki ndani zinajilimbikiza. Wanachofanya ni kizito kidogo kukisikia. Mnyama wa ndani, vimikono vyake, utumbo wake, vyote vinanyauka vinakuwa donge dogo la kahawia, na zile taka zimo humo kwenye donge. Ukuta wa chumba unabaki hai. Kutoka kwenye ukuta anaota mnyama mpya, utumbo mpya, mdomo mpya, na kwa baadhi ya aina ule utumbo mpya unalizunguka lile donge la zamani, unalimeza kwa ndani, na kinyesi chake cha kwanza kinakuwa ni hilo. Nimejaribu kuwaza ni nini cha kulinganisha nacho nimeshindwa, nakiacha hivyo.

Kiti cha pweza nitapita haraka, ingawa si mnyama wa hali ya chini sana: ana seli zinazotembea kwenye majimaji ya mwili zinakamata taka, zinazipeleka kwenye vijidole vyembamba vya ngozi mgongoni, na zenyewe zinatoka nje na mzigo wao hazirudi tena.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya daftari, hutumia difusheni, kwa sababu hata kwa wale wasio na kiungo kabisa haijakamilika. Mwaka huo huo 2019 watafiti wa Bergen, Norway, walichunguza minyoo wadogo sana wa baharini ambao hawana figo, hawana seli mwali, hawana hata tundu la nyuma, wakapima amonia inavyotoka. Walichokuta ni kwamba haivuji tu yenyewe. Inasukumwa, kwa nishati, kupitia tishu za mfumo wa chakula. Na kati ya protini zinazohusika zimo za familia ya Rh, hiyo hiyo Rh unayoisikia kwenye kundi la damu chanya au hasi, na ndugu zake ndo wanaopitisha amonia kwenye figo za binadamu. Yaani vifaa vya kazi vilikuwepo kabla ya karakana. Mnyama alikuwa anajua kutupa amonia kabla hajajenga chumba maalumu cha kutupia.

Nilijifunza upande wa pili wa hii kitu kwa maumivu. Mwaka jana niliwaweka haidra kama thelathini kwenye kikombe kimoja kidogo, nikawalisha viroboto wengi kwa sababu nilitaka wazaane, nikafunika nikaenda zangu. Siku ya pili vimikono vilikuwa vimekuwa vifupi vifupi, miili imejikunja kama vifundo. Jioni yake wengine walishaanza kumeguka. Nilichukua kile kipimo cha matone wanachotumia wafuga samaki, maji yaliyotakiwa yabaki manjano yakawa kijani kabisa. Amonia. Yao wenyewe, na ya viroboto waliokuwa wanaoza chini. Difusheni inatoa kutoka palipo pengi kwenda palipo pachache, sa kama nje kumeshajaa kuliko ndani itatoka kwenda wapi? Hana njia nyingine. Maji ndo figo lake, na mimi nilikuwa nimelifunga kwenye kikombe. Walipona wanne.

Hawa nilionao sasa ni wajukuu wa wale wanne. Nawalisha jioni, nasubiri wateme, magamba nayanyonya kwa bomba la matone, nusu ya maji natoa naweka mengine ya bwawa lile lile. Yule wa juzi baada ya kutema nilimbadilishia saa sita usiku, na asubuhi nilimkuta amejinyoosha mpaka mwisho, vimikono vyote sita vimening'inia chini virefu kuliko mwili, na ubavuni ameanza kuota kitoto.